Thelma Salt wa Kijito cha Hollin, 1953–2024

Ndugu, majirani na marafiki, ninasimama mbele yenu kwa niaba ya familia ya Salt na familia ya Critchlow, mimi Clive, ndugu pekee wa marehemu, kwa sababu mume wake Neville amesema hawezi kusoma na binti yake Janine amesema hataki, na karatasi ikabaki mikononi mwangu. Nimeiandika mara nne. Mchungaji ameniambia nisiharakishe, kwa hiyo nitayasoma maisha ya dada yangu kwa mpangilio yalivyokwenda, na nikifika mahali panaponihusu mimi sitaparuka.

Thelma alizaliwa nyumbani, tarehe 9 Machi 1953, hapa mjini Leek, katika mtaa wa nyuma ya viwanda vya rangi, akiwa mtoto wa kwanza wa Harold Critchlow, mtia rangi wa hariri, na mkewe Edna, mshonaji, na mimi nikafuata miaka mitatu baadaye. Wenye umri wetu mnakumbuka jinsi mto ulivyopita mjini Jumatatu ukiwa mwekundu na Alhamisi ukiwa wa buluu, kulingana na pipa lililomwagwa, na mnamkumbuka baba yetu, ambaye mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni hata kwenye harusi za watu. Kwa hiyo sisi watoto tulipotaka maji yenye kitu hai ndani yake tulipanda maili mbili, hadi kijito cha Hollin, juu ya mahali kinapoingia kwenye mfereji wa mashua, na huko Thelma alinifundisha kukaa bila kusema, jambo ambalo niliweza kwa dakika nne na yeye aliweza kwa saa nzima.

Alianza shule ya msingi Septemba 1958, akaingia sekondari mwaka 1964, na katika ripoti ya mwaka 1966 mwalimu wake aliandika kwamba Thelma ni mtoto mwaminifu lakini mzito wa kuelewa, na mama aliisoma akiwa amesimama, akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye moto, kisha akatupakulia chakula. Aliacha shule Julai 1969 akiwa na miaka kumi na sita, akaajiriwa kiwanda cha nyuzi, kwenye mashine za kukunja uzi, na alikaa huko hadi kilipofungwa mwaka 1978. Mwaka uliofuata aliingia posta, na kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 29 Machi 2013, ndiye aliyewaletea wengi wenu barua, kadi za sikukuu na habari za msiba, na alikuwa na desturi ya kubisha hodi pale alipoona bahasha ina ukingo mweusi wa msiba, asiitumbukize tu mlangoni akaenda zake.

Mwaka 1974 si wa Thelma, ni wangu, lakini historia yake haieleweki bila mwaka huo, na Neville na Janine wanalisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza, na ninawaomba wanivumilie hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilifanya kazi kwenye shamba dogo la minki, huko juu nyikani, ambapo wanyama wale wa ng'ambo, wembamba, weusi, wenye ukubwa wa paka mdogo, walifugwa kwenye vizimba kwa ajili ya manyoya ya makoti ya wanawake wa mbali. Biashara ilikufa, mwenye shamba akauza waliofaa kuzaa, na Ijumaa ya tarehe 8 Novemba 1974 aliniambia niwaue waliobaki kwa gesi kabla hajarudi saa kumi na moja jioni, akaniachia sanduku na mtungi, akaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikwenda kwenye kizimba cha kwanza, yule minki akasimama kwa miguu ya nyuma akaniangalia, na sikuweza. Saa tisa alasiri nilifungua vizimba vyote, kimoja baada ya kingine, nikasimama pembeni wakatoka, wengine haraka, wengine wakinusa kwanza ukingo wa mlango kana kwamba wanatafuta kosa, wakashuka wote kuelekea majini. Nilimwambia mwenye shamba kwamba kazi imekwisha, na yeye hakuuliza mizoga iko wapi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimefanya jambo jema, na niliamini hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Tarehe 14 Juni 1975, siku ya Jumamosi, katika kanisa hili hili, Thelma alifunga ndoa na Neville Salt, fundi bomba, ambaye wote mnamjua na hahitaji nimweleze, ila niseme kwamba siku ya harusi alichelewa kwa nusu saa kwa kuwa alisimama njiani kuziba bomba la mjane mmoja akiwa na suti yake, na Thelma alipoambiwa sababu alisema hilo ndilo lililomfanya akubali kuolewa naye. Mtoto wao wa kwanza, Martin, alizaliwa tarehe 19 Aprili 1977, akaishi siku mbili, akazikwa hapa nyuma, na leo Thelma atalazwa kando yake. Mtoto wao wa pili, Janine, alizaliwa tarehe 2 Februari 1979, naye, pamoja na wajukuu wawili, ndio ambao Thelma amemwachia Neville.

Katika wiki zile baada ya Martin, watu wa mtaani walikuwa wema kwake kiasi kwamba hakuweza kutoka nje, kila mlango ukifunguka anaulizwa anaendeleaje, na ndipo alipoanza kupanda tena hadi kijito cha Hollin, asubuhi baada ya Neville kwenda kazini, akikaa chini ya mierebi na kitambaa cha plastiki chini yake kwa sababu ya unyevu. Huko, tarehe 24 Mei 1977, alimwona panya-maji, si panya wa majalalani, huyu ana uso butu na masikio yaliyozama kwenye manyoya, na anapokula hukaa kitako, akishika unyasi kwa mikono miwili kama mtu anayekula muwa. Miaka mingi baadaye nilimuuliza nini kilimvuta kwa mnyama asiye na faida kwa mtu yeyote, na jibu lake nililiandika siku hiyo hiyo.

"Alikuwa anakula," aliniambia. "Mimi nilikuwa sili. Nikakaa nikamtazama anakula mpaka akashiba."

Siku ile aliandika tarehe na saa nyuma ya bahasha, na tangu hapo akawa na daftari, na baada ya daftari moja likaja jingine, hadi yakafika thelathini na moja, ambayo sasa yako kwenye meza ya mbele pale ukumbini kwa atakayependa kuyaangalia. Aliandika panya-maji aliowaona, vyoo vyao juu ya mawe, ambavyo hupenda kuvipanga mahali pamoja kama watu wenye adabu, na vipande vya nyasi walivyokata kwa mshazari na kuviacha, akavihesabu. Aliandika pia mdiria, korongo, kereng'ende, popo wa chini ya daraja, na kila kitu kilichopita, lakini panya-maji ndio waliokuwa mbele ya daftari na wengine walikuwa nyuma. Neville alikuwa akiwaambia watu baa kwamba mke wake ana mwanamume mwingine, mfupi, mnene, mwenye manyoya hadi mkiani, na kwamba yeye Neville ameshakubali kushindwa maana mwenzake hajawahi kukoroma. Majirani walipomkuta dukani walimuuliza, "Bi Thelma, mumeo mdogo hajambo?" naye alijibu kwamba hajambo, ameongeza watoto watano.

Katika kiangazi cha mwaka 1984 alihesabu vyoo mia moja na nne kwenye mita mia sita za kijito, na hiyo ndiyo hesabu kubwa aliyowahi kupata.

Tarehe 7 Septemba 1986 alikuja kwangu kuniuliza kuhusu mnyama aliyemwona, mweusi, mwembamba, mwenye alama nyeupe chini ya kidevu, akitoka kwenye shimo la panya-maji akiwa na mtoto wa panya mdomoni, na akaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi na wanyama wa namna hiyo. Nilimwambia ni minki. Aliuliza wametoka wapi, nikasema sijui, mashamba yalikuwa mengi. Hilo lilikuwa kweli, na wataalamu wamenihakikishia tangu wakati huo kwamba minki walitoroka kwenye mashamba mengi nchi nzima na kwamba hakuna anayeweza kusema wa kijito kile walikuwa wa nani. Ni kweli, na hainisaidii. Minki jike ni mwembamba wa kutosha kuingia kwenye shimo la panya-maji, na panya-maji hana mahali pengine pa kukimbilia, na kuanzia hapo daftari la Thelma linasomeka kama ngazi ya kushuka, vyoo sitini na viwili, arobaini, kumi na tisa, saba. Panya-maji wa mwisho alimwona tarehe 23 Agosti 1991, saa mbili kasoro kumi asubuhi, akiogelea kuelekea upande wa mashamba.

Kuanzia mwaka 1992 hadi 2016, kila tarehe 15 Mei na kila tarehe 15 Septemba, hata siku za kazi, hata mwaka ule alipovunjika kifundo cha mguu na Neville akambeba mgongoni kuvuka uzio, dada yangu alitembea mita zile mia sita, akapiga magoti penye kila jiwe, na mwishoni akaandika neno moja, hakuna. Aliliandika mara hamsini. Chama cha wanyamapori cha wilaya, alichokuwa akikipelekea nakala, kilimwandikia kwa heshima mwaka 2001 kwamba sehemu ile imeshahesabiwa kuwa tupu na kwamba anaweza kupumzika, na mratibu wao, ambaye yuko nasi leo kwenye safu ya tatu, anasema hajasahau alichojibiwa kwenye simu.

"Nisipokwenda," Thelma alimwambia, "hamtajua kama wao ndio hawapo au ni mimi."

Mwaka 2004 chama kilianza kutafuta watu wa kuweka vyelezo kwenye vijito, vibao vinavyoelea vyenye kibanda juu na udongo wa mfinyanzi ndani yake, ili minki akipita aache nyayo, na nyayo zikionekana unawekwa mtego wa kizimba, na minki akinaswa lazima auawe, sheria hairuhusu kumwachia tena. Wengi walijitolea kuweka vyelezo. Kwa sehemu ya mwisho ya kazi alijitolea mtu mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na moja ambaye alikuwa akiokota konokono njiani na kuwaweka pembeni wasikanyagwe na baiskeli yake ya posta. Alifundishwa kutumia bastola ya upepo na mlinzi wa msitu mmoja, Jumapili sita mfululizo, akilenga viazi.

Thelma alimuua minki wa kwanza tarehe 11 Machi 2005. Alikuja moja kwa moja kwangu, akiwa na buti zenye matope, akakaa jikoni bila kuvua koti, nikamtilia chai, akaishika bila kunywa.

"Alikuwa mzuri, Clive," alisema. "Hukuwahi kuniambia kwamba ni wazuri hivyo."

Sikumwambia siku ile. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu zaidi, na katika muda huo aliwaua ishirini na watatu, akiandika kila mmoja, tarehe, mahali, dume au jike. Tarehe 2 Oktoba 2006, asubuhi, jikoni kwake, akiwa amesimama mbele ya jiko anageuza chapati za unga wa oti, na jibini likiwa tayari limekunwa kwenye sahani, nilimwambia juu ya shamba, mtungi wa gesi na vizimba. Nilimweleza yote bila yeye kugeuka. Alizima moto. Alikwenda kwenye kabati akachukua daftari na kalamu, akarudi akakaa mbele yangu.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

Nilisema sitini na mmoja.

"Una hakika?"

Nilisema nina hakika, nilivihesabu vizimba.

Aliandika tarehe, saa, mahali na idadi, akauliza upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, nikasema sikumbuki, akaandika kwamba haikumbukwi. Kisha aliniwekea chapati mezani, yeye akatoka kwenda bustanini, nikala kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya, nikaosha sahani nikaondoka. Hakunipigia simu kwa miezi minne. Kwenye Krismasi Neville aliniuliza tumegombana nini, nikasema hakuna kitu, na niligundua kwamba na yeye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Wiki iliyopita, tukipanga madaftari, nilitafuta ukurasa ule, nikakuta kwamba mahali pa jina la mtoa taarifa hakuandika kitu chochote, na pengo lile limebaki wazi kwa miaka kumi na saba. Nimeliandika jina langu jana.

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2007, simu ililia.

"Kesho saa moja asubuhi, kwenye daraja," alisema. "Njoo na buti zako."

Tangu Jumamosi ile nilibeba vyelezo, nilibadilisha udongo, nilibeba mitego, na nilipokuta kizimba kina kitu ndani nilimwita, nikaenda kusimama upande wa pili wa uzio hadi aliponiambia tayari. Hatukulizungumza tena jambo la shamba. Hakunitaka nimuue hata mmoja, na mimi sikujitolea. Mwaka 2011 fisi-maji, ambaye huwafukuza minki, alirudi kwenye mfereji, tukaona mavi yake yenye miba ya samaki, na Thelma, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, aliniwekea mkono begani kwa muda mfupi. Minki walipungua, kumi na wanne, tisa, watatu, na wa mwisho wa kipindi kile alinaswa tarehe 30 Oktoba 2014.

Tarehe 15 Mei 2017 nilikuwa nyuma yake kama hatua kumi, alipopiga magoti kwenye jiwe bapa lililo chini ya ua wa Bwana Tatton, mkulima ambaye shamba lake linapakana na kijito, akabaki pale, nikadhani ni goti lake. Niliposogea aliniinulia kiganja nisimame. Juu ya jiwe palikuwa na mavi madogo ya kijani, yamepangwa, mabichi. Aliniambia kwa sauti ya chini nikamwite Neville, aliyekuwa amebaki kwenye gari akisoma gazeti, na nimwambie asifunge mlango kwa nguvu. Siku ile aliandika choo kimoja, vipande vya nyasi kumi na saba, panya hakuonekana, na hakukubali mtu yeyote aseme wamerudi hadi alipomwona mmoja kwa macho yake, Jumamosi ya tarehe 3 Juni. Inadhaniwa walishuka kutoka kwenye mabwawa ya juu nyikani ambako wachache walikuwa wamesalia. Mwaka jana, mwezi Septemba, tulihesabu vyoo sabini na sita.

Thelma alianza kuugua Oktoba 2023, maumivu ya tumbo yaliyokwenda hadi mgongoni, akasema ni buti mpya, na tarehe 21 Novemba aliambiwa hospitali kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba haifanyiwi upasuaji. Aliuliza muda, akaambiwa miezi, akauliza mingapi, daktari akasema sita, na kwa mara ya kwanza namba aliyopewa aliiandika bila kuuliza kama wana hakika. Kuanzia Januari kitanda chake kiliwekwa sebuleni, dirishani, na mimi niliendelea na kazi yetu ya kila Jumamosi peke yangu, nikirudi kumsomea nilichoandika.

Tarehe 23 Machi mwaka huu nilikuta nyayo kwenye udongo wa chelezo cha tatu. Sikuwa nimeona nyayo zile kwa miaka tisa na miezi mitano. Nilimpelekea picha kwenye simu, akaiangalia kwa muda mrefu, akasema ni jike, na kwamba majike hutafuta mahali pa kuzalia mwezi huo, na kwamba jike mwenye watoto angemaliza kijito chote kabla ya Agosti. Nilisema nitampigia mratibu atafute mtu. Akasema nimpigie. Nilimpigia, na mratibu akasema mtu aliyepo yuko likizo hadi Aprili katikati, na Thelma alisikia yote kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale pale.

Neville alikuwa amekwenda kuchukua dawa, tulikuwa wawili tu.

"Dada, sijawahi," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Bastola iko kwenye kabati la juu, ufunguo uko kwenye kopo la vifungo. Kama huwezi, usiweke mtego. Usimweke ndani ya kizimba halafu ukamwangalia."

Nilikaa na bastola ile siku tatu. Niliweka mtego jioni ya tarehe 26, na asubuhi ya tarehe 27, Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa ndani. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Mkono wangu ulikuwa umetulia na nilisikia maji. Nilifanya kama Thelma alivyofanya, upande ule ule, kwa umbali ule ule, na nikamzika juu ya ukingo. Kisha nilikwenda kwake na buti zenye matope na Neville hakunikataza kuingia nazo.

"Dume au jike?" aliuliza Thelma.

Nilisema jike.

"Ilichukua muda?"

Nilisema hapana.

Alifumba macho, nikadhani amelala, na nilipotaka kuinuka aliniambia nikae, nikakaa hadi saa sita mchana.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Aprili. Aliacha kula tarehe 1 Mei, na Jumatatu ya tarehe 6 Mei 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nyumbani kwake, Neville akiwa upande mmoja na Janine upande mwingine, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Mimi nilikuwa jikoni. Janine alikuja mlangoni akasema, "Mjomba, tayari." Niliosha vikombe vilivyokuwa kwenye sinki, vilikuwa sita, nikavifuta, nikavirudisha, ndipo nikaingia.

Tarehe 15 Mei ilifika siku tisa baadaye, na hakuna aliyekuwa ameniambia nisiende. Nilipofika darajani nilimkuta Janine ameegemea ukuta, amevaa buti za mama yake, ambazo zilikuwa kubwa kwake kidogo. Janine, nisamehe kwa kulisema hili mbele za watu, wewe utotoni ulikichukia kijito kile, ulimwambia mama yako kwamba anawapenda panya kuliko watu, na hukuwahi kukanyaga pale tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu. Tulitembea mita zote mia sita, nikimwonyesha mawe, yeye akiandika, na mwandiko wake unafanana na wa mama yake kiasi kwamba ilinibidi niangalie pembeni. Tulipata vyoo hamsini na nane. Hatukuona panya hata mmoja. Tulipofika mwisho tulisimama, na ng'ambo, chini ya matete, kitu kilijitosa majini, sauti ndogo ya mviringo, kama mtu ameangusha tunda.

"Ndiye?" Janine aliniuliza.

Nilimwambia ndiye, na akauliza kama sauti nayo inaandikwa. Nikamwambia inaandikwa. Kisha tukaenda kumpikia Neville.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomweleza Thelma ukweli kila alipouliza, na kwa namna ya pekee muuguzi wa nyumbani, Bi Odette, ambaye kila alipokuja alifungua dirisha kabla ya kufungua mkoba. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa posta, waliombeba leo mabegani kutoka langoni, watu sita waliogawana njia yake alipostaafu na bado wanagombania nani amepewa kilima. Tunawashukuru majirani wa mtaa wetu, waliokata nyasi za Neville bila kuulizwa na kuacha sufuria mlangoni bila majina, na tunaomba wenye sufuria wazichukue ukumbini. Tunamshukuru Bwana Tatton kwa kututunzia ukingo wa kijito kwa miaka yote hii, yaani kwa kutoulima. Tunakishukuru chama cha wanyamapori na mratibu wake, na kama kuna wenye maneno ya kuniambia mimi baada ya niliyoyasoma, nitakuwa nimesimama karibu na mlango na sitaondoka mapema.

Neville ameniomba niongeze kwamba alimpenda tangu mwaka 1973, na kwamba wale wa baa wanajua kuwa alikuwa akitania tu.

Dada, Jumamosi nitakwenda na Janine. Pumzika wewe, kwa amani.